Mtindi Kwenye Rejeta

Asubuhi ile ya kwenda kuvunja mkate wa uchumba, boneti ya gari la Sharofiddin ilikuwa wazi kama mdomo wa mgonjwa mbele ya daktari, na kila jirani aliyepita uani kuja kutoa pongezi aliinama kwanza akachungulia humo ndani. Mkewe, Mavluda, alikuwa amepiga magoti juu ya kitanda kikubwa cha uani, cha kukalia wageni, akifunga mafurushi. Alikuwa na mikate ya duara iliyonyunyiziwa ufuta, iliyopangwa jozi jozi kama inavyopasa kwenye jambo la heri. Alikuwa na halua nyeupe, lozi, na sukari ya mawe inayong'aa kama barafu. Juu ya vyote aliweka kitambaa cheupe, ili njia ya watoto nayo iwe nyeupe. Kila akikaza fundo moja, alisikia kutoka garini neno jipya la kumkata maini.

"Hii ni wotapampu," alisema Ghafur, jirani yao, aliyewahi kuendesha basi miaka mingi na hakuacha kulisimulia tangu alipostaafu.

"Juzi ulisema ni gasketi," alisema Sharofiddin. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu mmoja umefungwa bandeji mpaka gotini, maana wiki iliyopita ngazi ilimponyoka juu ya mwaprikoti.

"Juzi ilikuwa gasketi. Ugonjwa husafiri, bwana."

"Na leo tunasafiri sisi."

"Basi sikiliza. Washeni hita. Ifungulieni mpaka mwisho. Hita hunyonya joto la injini likaja kwenu ndani, injini ikapumua."

"Mwezi huu wa saba?"

"Chagueni wenyewe. Lichemke gari au mchemke nyinyi."

Mavluda alifunga fundo la mwisho akalisukuma pembeni. Angekuwa anakwenda nyumba nyingine yoyote pale bondeni Isfara, asingejali. Gari likichemsha njiani, watu hucheka, wanaleta ndoo ya maji, yanaisha. Lakini nyumba wanayokwenda ni ya Fundi Olimjon, fundi magari wa Konibodom, na Fundi Olimjon alikuwa na mizani yake. Familia ya kwanza iliyokuja kumposa binti yake, Shahlo, ilikuja na matairi yaliyokwisha meno, wakanywa chai wakaambiwa kwaheri. Ya pili ilikuja na gari linalomeremeta. Fundi akamuuliza baba wa kijana, oili umebadilisha lini? Yule akajibu, mwezi uliopita. Fundi akatoka, akachomoa kijiti cha oili, akakipaka kidoleni, akakinusa, akarudi ndani na kuwarudishia mikate yao mizima. Mkate usipovunjwa hakuna neno lililofungwa. Ukivunjwa, msichana ana kwao na ana kwake.

Na Mavluda alikwisha kumwambia kila mtu. Alimwambia mwoka mikate, alimwambia mshona nguo, aliwaambia wanawake wote waliokuja kupasua aprikoti za kuanika. Shahlo alikuwa chaguo lake mwenyewe, jicho lake mwenyewe lilimwona, na hilo pia aliwaambia.

"Akiuliza lilianza kuchemsha lini," Ghafur alisema akijifuta mikono, "mwambieni jana. Gari lililoanza jana ni bahati mbaya. Gari lililoanza mwezi wa tano ni tabia."

Bibi Robiya, mama yake Sharofiddin, alikuwa kimya muda wote huo akimenya lozi. Sasa akauliza, "Kwani hilo gari linakula nini?"

"Petroli, mama."

"Na linabeba nini?"

"Aprikoti. Si unaona."

"Haya. Aprikoti ina joto. Mtoto akila bakuli zima anatoka vipele mwili mzima, mnamlaza, mnampa vya baridi. Gari mnalipakia makreti mpaka darini, kila wiki, jua kali, halafu mnauliza pampu. Lina joto mwilini hilo. Lipewe vya baridi."

Ghafur alicheka mpaka akashika kiuno. Sharofiddin alicheka kwa adabu, maana ni mamaye. Bibi aliwatazama wanaume wale kama anavyotazamwa mtoto anayebisha kuwa moto hauunguzi.

Dilovar, kijana mwenyewe wa kuposewa, alitoka nyumbani akiwa amevaa shati jipya. Kwa desturi hakupaswa kwenda kabisa. Bwana harusi hafiki kwenye mkate wake. Lakini mguu wa baba ulikuwa kwenye bandeji, na gari lile lilikuwa halisikii mkono wa mwingine. Ikaamuliwa kwamba atawafikisha, kisha abaki garini nje ya geti, asionekane, asikohoe. Mama yake akamkagua kola na kumrudisha ndani akabadilishe, kwa sababu ilikuwa na kovu la pasi. Ghafur akamshika Sharofiddin kwapani kumpeleka akanawe. Uani akabaki Bibi Robiya peke yake na gari, na kifuniko cha rejeta kilichosahauliwa juu ya betri.

Bibi alichungulia ndani ya rejeta. Maji yalikuwa yamepungua. Pale karibu, kivulini, palikuwa na jagi lake la mtindi uliokorogwa na maji na chumvi kidogo, kinywaji cha baridi kuliko vyote duniani. Akalimimina polepole, asimwage hata tone, akisema bismillahi. Kisha akafunga kifuniko, akapangusa mdomo wa rejeta kwa ncha ya mtandio, kama alivyowapangusa wajukuu zake wote.

*

Barabara ya kwenda Konibodom ni tambarare, na gari lilikwenda vizuri. Waliomo ndani ndio waliokwenda vibaya. Hita ilipuliza kama tanuri la mkate. Sharofiddin alikaa mbele na mguu wake, jasho likimtiririka kutoka kwenye kofia ya nakshi. Mavluda na mkwewe walikaa nyuma na mafurushi mapajani, na halua ikaanza kulainika.

"Mama, nifungue dirisha kidogo," alisema Mavluda.

"Upepo utaniingia sikioni."

"Upande wangu mimi, mama, si wako."

"Upepo hauna upande. Mume wangu aliingiwa na upepo kwa dirisha la upande mwingine, akaishi na shingo imepinda mpaka Mungu alipomchukua. Fungueni, mnizike leo, mkate mtauvunja kesho."

Dirisha likabaki limefungwa. Walikwenda hivyo, nyuso zimewaiva kama aprikoti zenyewe, na Dilovar akitazama mshale wa joto kuliko alivyotazama barabara. Mshale ulitulia katikati. Alipokanyaga mafuta, ulishuka. Alipopunguza nyuma ya trekta lililobeba majani, ulinyanyuka kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake.

Halafu ikaja harufu. Ilitoka kwenye matundu ya hita, nyepesi kwanza, kisha nzito, chachu na tamu, kama sufuria ya maziwa iliyosahauliwa jikoni.

Mavluda alinusa halua. Haikuwa halua. Akanusa mikate. Mwisho akainama mbele, akamnong'oneza mumewe, "Baba Dilovar, hiyo bandeji ulibadilisha lini?"

"Jana."

"Kweli jana?"

"Mama Dilovar, mguu wangu haunuki."

"Sijasema mguu. Nimesema bandeji."

"Ukifika pale usikae karibu na mimi, basi," alisema Sharofiddin, akaukunja mguu wake uliodhulumiwa.

Bibi Robiya alitazama nje kwa utulivu mkubwa.

*

Kufika mjini ndiko kulikowaponza. Waliingia sokoni, punda mbele, toroli nyuma, watembea kwa miguu kila upande. Gari likaenda mwendo wa jongoo na mshale ukapanda. Dilovar alikata kona moja, akakata ya pili, akaingia kwenye kichochoro kimoja chembamba kinachoishia kwenye mfereji, wala hakuuliza njia. Mavluda aliona jambo hilo, akadhani ni akili ya mwanawe.

Fundi Olimjon alikuwa amesimama mbele ya geti la buluu, mtu mfupi mwenye kifua kipana, amevaa joho lake la sherehe. Mikono yake ilikuwa imesuguliwa mpaka ikawa myekundu, ila kucha zilikataa kutakata. Alimsalimu Sharofiddin, mkono kifuani. Alimsalimu Bibi. Kisha alilisalimu gari kwa macho, na uso wake ukakunjamana kidogo, kama mtu aliyesikia mtoto wa jirani anakohoa usiku.

"Karibuni wageni. Njia mmeionaje?"

"Nyeupe, alhamdulillahi," alisema Mavluda, akamgusa mwanawe begani kwa nyuma: zima, jifiche.

Ndani waliketishwa kitandani chini ya mzabibu, kitambaa cha chakula kimetandazwa, chai ya kijani imemiminwa kidogo kidogo vikombeni, maana mgeni anayeheshimiwa hajaziwi kikombe. Mkewe Fundi, Bi Zebuniso, alikuwa mwanamke mpole wa maneno machache. Shahlo alikuwa jikoni, hakuonekana, ila mlango wa jikoni ulikuwa umeachwa wazi kiasi cha upana wa jicho.

Walizungumza yale yanayozungumzwa. Mavuno yalikuwaje, bei ikoje, mguu unaendeleaje. Fundi alijibu, lakini shingo yake ilikuwa imeinamia upande wa geti. Nje kulikuwa na sauti ndogo: tik, tik, tik, chuma kikipoa. Kisha sauti nyingine: fsssss.

"Binti yangu," alisema Fundi kwa kujilazimisha, "sipendi kumsifu. Lakini kila alfajiri anafagia barabara mbele ya geti na kuinyunyizia maji. Na siku ya Alhamisi anafagia mara ya pili, jioni. Hakuna aliyemtuma. Mtaa mzima wanamsifu."

"Mashallah," alisema Mavluda. "Niliiona bidii hiyo usoni kwake siku ya kwanza tu."

"Nyumba hii ina amani. Kinachonisumbua ni mhuni mmoja. Sijapata kumwona. Anapita hapa na gari, polepole, muziki umefunguliwa mpaka kabati langu la vyombo linatetemeka. Wimbo uleule. Nikitoka karakana, keshaishia. Siku nitakayomshika nitamfungua kama injini, na boliti sitarudisha."

"Vijana wasio na malezi," Mavluda aliunga mkono kwa moyo wote. "Huyo mama yake hana kazi ya kufanya, ndiyo maana."

Bi Zebuniso aliinamia birika kama anayetafuta kitu ndani yake.

Ndipo mvuke ulipotokea. Ulichomoza juu ya ukuta, mweupe, ukapanda taratibu ukapita kwenye matawi ya mzabibu, na wote wakautazama. Ukaja na harufu ya maziwa yaliyoungua.

Mikate ilikuwa katikati ya kitambaa, bado mizima. Mzee wa kuivunja alikuwa Fundi mwenyewe, maana baba zake wote walikwisha kutangulia mbele ya haki. Alinyoosha mkono kuuelekea mkate wa juu. Mkono ukasimama hewani.

"Samahani wageni," alisema Fundi Olimjon. "Siwezi." Akashuka kitandani, akavaa viatu, akaenda getini na joho lake.

*

Dilovar alikuwa amelala kwenye kiti, kofia usoni, kama alivyoagizwa. Fundi aligonga kioo kwa ukucha.

"Wewe ni dereva?"

"Ndiyo, baba."

"Basi shuka, dereva."

Wote walikuwa wamemfuata mpaka getini, Sharofiddin akirukaruka kwa mguu mmoja. Fundi alisubiri chuma kipoe. Hakuwa na haraka. Alizunguka gari, akabonyeza tairi moja, akalisamehe. Kisha akaweka tambara juu ya kifuniko cha rejeta, akakizungusha nusu, akakiacha kipumue, akakifungua. Akachungulia. Akaingiza kijiti. Kijiti kikatoka na donge jeupe linalotikisika.

Alilitazama donge muda mrefu. Alilinusa.

"Nimefungua rejeta nimekuta mchele," alisema. "Nimekuta haradali. Jibini sijakuta."

"Si jibini," alisema Bibi Robiya, akijifunga mtandio vizuri. "Ni mtindi wa maji. Wa ng'ombe wetu. Nimeweka na chumvi kidogo."

"Mama," alisema Sharofiddin.

"Lilikuwa na joto, nikalipa cha baridi. Nyinyi na pampu zenu mlilipa nini?"

Sharofiddin alitazama bandeji yake, kisha akamtazama mkewe, naye Mavluda akatazama mfereji. Angependa ungekuwa na kina zaidi.

Lakini Fundi hakucheka wala hakukasirika. Alimtazama Bibi kwa aina fulani ya heshima. "Mtindi ni wa leo, bibi?"

"Wa leo asubuhi."

"Kwa hiyo si ugonjwa. Huu ni dawa. Ugonjwa ulikuwepo kabla." Akamgeukia Dilovar, akachomoa spana mfukoni mwa joho, kwa kuwa hata joho la sherehe alikuwa amelishonea mfuko wa spana. "Dereva. Linachemsha barabara kuu?"

"Hapana, baba."

"Ukipanda mlima?"

"Kidogo tu. Likienda polepole ndiyo linachemsha."

"Vizuri. Umesema kitu. Lilianza lini?"

Mavluda alikohoa. Nyuma ya mgongo wa Fundi alifinya midomo akaunda neno: jana. Dilovar alimwona mama yake vizuri kabisa. Kisha akainamisha macho.

"Mwezi wa tano."

Ghafur angekuwepo angeondoka.

"Mwezi wa tano," alirudia Fundi. "Na mwezi wa tano ulikuwa unakwenda polepole wapi? Sokoni?"

"Sokoni napita tu."

"Wapi basi? Gari haliumwi hewani. Lina mahali."

Dilovar alitazama tairi, akatazama ukuta, akatazama spana. Shati lake lilikuwa limemganda mgongoni. Mavluda ghafla akamwogopea mtoto wake bila kujua kwa nini.

"Kwenye mtaa," alisema Dilovar.

"Mtaa upi?"

"Huu, baba."

Kule mferejini bata aliita mara moja akanyamaza.

"Mtaa huu hauna duka," alisema Fundi taratibu. "Hauna msikiti. Mbele kuna maji. Siku gani?"

Dilovar alifungua mdomo, lakini bibi yake alimtangulia, maana alifurahi hatimaye kuulizwa jambo analolijua. "Alhamisi. Kila Alhamisi linarudi limechemsha. Ndiyo maana nikasema aprikoti, kwa sababu Alhamisi ndiyo siku yetu ya soko."

Mavluda alimfinya mkwewe, lakini alikuwa amechelewa.

Fundi Olimjon aliinama ndani ya boneti. Aliisukuma feni kwa kidole, ikazunguka vizuri, haikuwa imekwama. Aliukamata waya wa feni nyuma ya mota, akaufuata kwa vidole kama mtu anayevuta uzi kutoka kwenye sindano. Waya haukwenda mahali pake. Ulikuwa umekatwa, na kipande kilichotoka kwenye betri kilikuwa kimeunganishwa kwa utepe wa gundi kwenye waya mwingine, mwekundu, mpya. Huo ulipita pembeni, ukaingia ndani, ukapita chini ya zulia la gari. Fundi alifungua mlango, akafunua zulia, akaufuata mpaka chini ya kiti cha nyuma, pale alipokuwa amekaa Bibi Robiya njia nzima. Akainua kiti. Kulikuwa na spika mbili kubwa kama masufuria ya pilau.

"Waya huu uliukata wewe?"

"Mimi, baba. Feni nilikuwa naiona imelala tu. Nikadhani haina kazi."

"Feni hulala injini ikiwa baridi. Ikipata joto inaamka. Barabara kuu upepo unatosha, haihitajiki. Ukienda polepole, ndiyo saa yake." Fundi aliketi kwenye ukingo wa mlango. "Saa yake ikifika, wewe umeme wake umeupeleka kwingine."

Akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe cha redio.

Wimbo ukapasuka. Geti la buluu lilitetemeka, na ndani ya nyumba, kabati la vyombo likajibu. Ulikuwa wimbo wa mapenzi wa zamani, wa mtu anayelilia dirisha lililofungwa. Hakuna mtu mtaani pale ambaye hakuujua kwa moyo.

Na mlango wa jikoni ukafunguka. Shahlo akatoka, amevaa gauni la hariri la siku ya mkate, nyusi zimepakwa wanja wa majani, mkono mmoja umeshika ufagio na mwingine ndoo. Akapita katikati ya wageni bila kumtazama yeyote, akatoka getini, akaanza kufagia. Mpaka leo haijulikani kama ilikuwa mazoea yaliyomvuta miguu, au kama alikuwa amesikiliza yote kupitia ule upana wa jicho na akaamua kwamba kijana asisimame pale peke yake. Yeye mwenyewe hajasema. Alifagia kuzunguka gari lote, kwa uangalifu, mpaka akafika kwenye viatu vya baba yake.

Fundi alizima redio.

"Kumbe," alisema, "ndiyo hii bidii ya Alhamisi."

Shahlo alifagia pale pale.

Fundi alimgeukia mkewe. Bi Zebuniso alikuwa ameshika fremu ya geti kwa upole uleule. "Ulijua?"

"Mtaa wetu ni msafi," alisema Bi Zebuniso. "Sikuona ubaya."

Mavluda naye alikuwa anakumbuka vyake. Alikumbuka siku Dilovar alipomshusha kwenye kichochoro hiki hiki, eti kuna mwanamke anauza sabuni nzuri, na alivyokutana na msichana mwenye ufagio aliyemsalimu mpaka akayeyuka. Sabuni hakuiona. Jicho lake mwenyewe, alikuwa akiwaambia watu. Jicho lililoshikwa mkono likaongozwa kama kipofu.

"Na wewe, mgeni," Fundi alimwambia, "ulisema mama yake hana kazi ya kufanya."

"Nilisema," alikiri Mavluda. Shavu lake liliwaka kuliko hita. "Kazi ninayo. Ila naona nilikuwa siifanyi."

Fundi alipiga spana kwenye kiganja chake. Sharofiddin alijisogeza, mguu mmoja, mpaka karibu na mwanawe, akasimama hapo. Kama ni kufunguliwa boliti, waanze na yeye.

"Miaka yangu yote kwenye karakana," alisema Fundi, "nauliza swali moja. Lilianza lini? Na wote wananiambia jana. Mwenye gari jipya, jana. Mwenye injini iliyopasuka katikati, jana. Mtu ananidanganya, halafu anataka nimtibie." Alimnyooshea Dilovar spana. "Huyu nimemuuliza nina chuma mkononi, na mama yake nyuma yangu anampa jibu. Nilikuona, mama, kwenye kioo cha gari. Akasema mwezi wa tano. Nikamuuliza wapi, akasema hapa."

Akaigeuza spana mkononi, kama anapima boliti ikazwe au iachwe.

"Mjinga ni mjinga. Lakini ujinga naujua dawa yake." Akamrushia Dilovar spana. "Rudisha waya wa feni. Wewe mwenyewe. Nikiona utepe umekaa vibaya, mnarudi Isfara na mikate yenu."

*

Kazi ilichukua muda wa birika mbili za chai. Walimwaga mtindi, wakasafisha rejeta kwa ndoo baada ya ndoo za maji ya mfereji, na Shahlo akafagia mabonge, huku Bibi Robiya akisikitika kuona maziwa ya ng'ombe mwema yanakwenda kwa bata. Dilovar alifanya kazi ameinama, shati safi limekwisha. Fundi alisimama juu yake bila kumgusa, ila mara moja tu alisema, "Siyo hivyo, pindisha," na mara nyingine, kwa sauti ya chini, "Hivyo."

Waliliwasha gari likiwa limesimama palepale, hita imezimwa. Mshale ukaanza kupanda. Walizunguka boneti wote, wenye nyumba na wageni, kama wanaosubiri mlangoni mwa chumba cha mzazi kusikia kilio cha mtoto. Mshale ukapita katikati. Ukasogea. Mavluda alishika kitambaa cheupe kwa mikono miwili akakikunja mpaka kikawa kamba. Ukasogea tena.

Feni ikaamka. Ilikohoa mara moja, ikazunguka, ikapuliza hewa ya moto kwenye nyuso zao, na mshale ukasimama, kisha ukarudi polepole chini.

"Leteni mkate," alisema Fundi Olimjon.

"Ndani, baba Shahlo," alisema mkewe. "Nawa kwanza."

"Leta."

Akaletewa. Aliuweka juu ya kitambaa cheupe kwenye boneti yenye joto, uso wa mkate juu kama inavyopasa, akasoma dua fupi, akauvunja katikati. Vidole vyake vya oili viliacha alama nyeusi kwenye ukoko, kidole gumba kizima, kila mstari ukaonekana. Bi Zebuniso alifumba macho. Lakini mkate ulikuwa umevunjika, na mkate uliovunjika haurudishwi.

"Mkwe," Fundi alimwambia Sharofiddin, "karibu kwako."

Jioni waliporudi, Dilovar aliagizwa atoke kichochoroni polepole sana, bila muziki, ili Fundi aisikilize feni mpaka mwisho wa mtaa. Alitoka hivyo. Nyuma yao palisikika ufagio.

Barabarani, Mavluda alifungua kitambaa na kuwagawia vipande vya mkate. Kile chenye alama ya kidole alitaka kukitupa nje kwa ndege. Bibi Robiya alimshika mkono, akakichukua, akakila chote, taratibu, na oili yake. Kisha, kwa mara ya kwanza siku ile, akashusha dirisha lake kiasi cha vidole viwili.

"Nilisema ni joto, mkanicheka," alisema, akitazama kisogo cha mjukuu wake. "Dawa niliijua. Nilikosea mgonjwa."